Takomita inayodanganya kwenye pikipiki za zamani: tupeane uzoefu

XL_Morogoro
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa sisi tunaoendesha pikipiki zenye umri, zile ambazo bado zina saa mbili mbele: moja ya spidi, nyingine ya mizunguko ya injini kwa dakika (takomita). Hiyo ya pili ndiyo ninayotaka tuiongelee. Ikianza kusema uongo, wengi tunaiacha hivyo hivyo, na fundi naye anakuambia achana nayo, sikiliza injini.

Yangu ni Honda XL 125 iliyotoka mnadani, ikapita mikono kadhaa kabla ya kunifikia. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kupewa resi, mshale ulikuwa unasimama kwenye 2,100, wakati injini ndogo za stroku nne kama hii huwekwa karibu na 1,400. Ukiifuata saa ukashusha skrubu ya kabureta, injini inazima. Nikaazima takomita ya leza kwa jamaa mwenye karakana ya kukereza vyuma. Unafungua kifuniko kidogo cha pembeni, unafuta mafuta kwenye nati ya sumaku, unabandika kipande cha stika inayong'aa, unaielekezea leza, inakusomea mizunguko halisi.

Injini ikiwa 1,400, saa inasema 2,100. Ikiwa 3,000 inasema 3,700. Ikiwa 5,000 inasema 5,700. Ziada ni 700 ileile kila mahali.

Hapo ndipo nilipoona kuwa namna saa inavyokosea ndiyo inayokuelekeza pa kutafuta. Ikiongeza kiasi kilekile kila mahali, mtazame mshale wenyewe, pengine haukai pale ulipowekwa kiwandani. Ikizidisha kwa uwiano, mfano inasoma mara mbili au inazidi kwa asilimia ileile kila spidi, basi saa na injini havihesabu kwa namna moja. Na ikirukaruka bila mpangilio, anza na kebo au nyaya. Kwa hiyo pima kwanza, bisibisi baadaye.

Karibuni na zenu. Saa ilikuwa inaonyesha nini, ulipimaje, ukakuta nini?

DT_Songea
Mkuu umegusa penyewe. Mimi natumia Yamaha DT 125, zile zilizokuwa za mabwana shamba. Mshale wangu ulikuwa unacheza kati ya 1,000 na 3,000 ikiwa sailensa, ukipiga resi unatulia kidogo. Huo kwa saa za kebo ni ugonjwa wa kebo, na usikubali mtu akuuzie saa nzima kabla hujaichomoa.

Ndani ya hizi saa, kebo inazungusha sumaku. Juu ya sumaku kuna kikombe cha alumini ambacho hakigusani nayo kabisa. Sumaku ikizunguka inakivuta kikombe, na kispringi chembamba sana kinakizuia. Mshale umeshikana na kikombe. Hivyo kebo ikienda kwa kukwama na kuachia, mshale nao utacheza, maana unaripoti kilekile unacholetewa.

Chomoa waya wa ndani, uvute taratibu kwenye kitambaa. Nyuzi zilizokatika zitanasa kitambaa. Angalia ncha za mraba, zikiwa zimekuwa duara zinateleza. Ulaze mezani na uuzungushe kwa vidole: ukiona unarukaruka badala ya kuviringika, umepinda, na waya uliopinda haunyooki tena ukawa mzima. Halafu angalia njia ya kebo, hasa pale inapokunja chini ya taa. Yangu ilikuwa imebanwa na kamba za plastiki hadi ikafanya kona kali.

Kitu kimoja nasisitiza: grisi iwe kidogo, tena ipake nusu ya chini tu. Sehemu ya juu karibu na saa iache kavu. Grisi ikizidi inapanda yenyewe na mzunguko hadi ndani ya saa, inaganda kati ya sumaku na kikombe, na kuanzia hapo saa inasoma juu na mshale haurudi vizuri. Hali ileile utaipata kama sili ya gia ya takomita kwenye injini imechoka, oili inapanda na kebo. Ukikuta kebo imelowa oili nyeusi hadi juu, anza na sili.

BodaKimara
Wakuu kwa heshima zote, mimi hiyo saa niliing'oa kitambo. Injini unaijua kwa sikio. Ikilia sana ongeza gia, ikigonga punguza. Pesa ya saa nainunulia cheni.

XL_Morogoro
Mkuu, barabarani nakubaliana nawe kabisa. Sikio linajua injini imebadilika, lakini halikupi namba. Ukitaka kukagua taiming, yaani wakati cheche inaporuka, kwa taa ya kumulika, alama ya F kwenye sumaku inatakiwa ionekane ikiwa sailensa sahihi, na moto unatakiwa uwe umetangulia ukifika mizunguko fulani. Sailensa ikiwa juu kwa 700 unaweza kuona moto umeanza kutangulia, ukahangaika na kitu ambacho hakijaharibika. Na ukishachonga silinda, siku za kuzoesha pistoni mpya unaambiwa usipite mizunguko fulani. Hapo sikio la mtu aliyezoea injini iliyochoka halimsaidii.

Nakuru_125
Habari zenu ndugu. Yangu ni ya umeme. Pikipiki ilikuja kwangu bila saa, nikanunua moja ya kidijitali ya kufunga mwenyewe. Ikiwa sailensa inaonyesha 2,900. Nikatoa kebo ya resi, nikalegeza, bado 2,800. Kwa sikio hakuna vile hiyo injini ilikuwa inaenda hivyo.

Sababu ni cheche. Injini ya stroku nne yenye silinda moja inahitaji cheche moja kila mizunguko miwili. Lakini kwenye nyingi za hizi 125, kihisio cha CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche) kinasoma rota iliyofungwa kwenye krenki, kwa hivyo cheche inaruka kila mzunguko. Moja inachoma mafuta, ya pili inapotea wakati moshi unatoka. Saa yangu ilikuwa imepangwa kwa cheche moja kwa mizunguko miwili, ndiyo maana ikazidisha mara mbili. Nikashika kitufe hadi menyu ikafunguka, nikaweka cheche moja kwa mzunguko mmoja, ikashuka hadi 1,450 papo hapo.

Shida ikabaki moja. Nikipita 5,000 namba zinaruka hadi 9,000, zinarudi, zinaruka tena. Huo haukuwa mpangilio, ni kelele ya umeme kutoka kwa plagi. Kwenye plagi za NGK tafuta herufi R katikati ya jina. D8EA haina rezista, DR8EA inayo. Niliweka yenye R, nikahamisha waya wa kusoma usikae sambamba na waya mnene wa plagi, na zile namba zikatulia.

Ng'ambo_Unguja
Assalaam aleikum. Sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Saa yangu ni ya umeme na ya zamani, ya mshale. Nikiwasha indiketa mshale unapanda na kushuka pamoja na taa. Nikiwasha taa kubwa unashuka. Wengine waliniambia saa imekufa.

Kama mshale unafuata taa, usiiguse saa. Chukua waya mmoja, upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya hasi wa saa. Mshale ukitulia, tatizo ni kutu pale nyaya zinaposhikwa kwenye chasisi. Yangu ilikuwa hivyo: boliti chini ya tangi, kijani kibichi. Nikapiga msasa, nikapaka grisi, basi.

Mshale usipotulia pima betri injini ikiwa kwenye resi ya kati. Mfumo wa volti 12 unatakiwa kukaa karibu na 13.5 hadi 14.5. Ikivuka 15, regyuleta imekwisha, na hiyo itakuulia balbu na CDI kabla hata hujaanza kuihurumia saa.

Mwalimu_Dodoma
Nawasalimu. Nimefurahi kuona watu wanapima, maana leza si kila mtu anayo. Naomba nieleze njia isiyohitaji kifaa zaidi ya simu na chaki.

Ondoa plagi, weka gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma. Zungusha gurudumu kwa mkono, mtu mwingine ahesabu nati ya krenki inazunguka mara ngapi. Fanyeni mizunguko kumi ya gurudumu mgawanye, namba itakuwa safi zaidi. Yangu ilitoka 9.5. Halafu tia alama ya chaki kwenye tairi na chini, kaa juu ya pikipiki, isukumwe mzunguko mmoja, pima. Yangu ni mita 2.0. Muhimu ukae juu, kwa sababu tairi lenye mzigo hubonyea.

Sasa nenda barabara iliyonyooka na simu inayosoma spidi kwa setilaiti, usitumie spidomita. Kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika. Tairi la mita 2.0 linazunguka mara 500 kwa dakika. Zidisha kwa 9.5 unapata 4,750. Saa yangu ilisema kama 5,400. Kwenye kilomita 40 hesabu inatoa karibu 3,170, saa ikasema 3,600. Gawanya zote mbili, zinazidi kwa uwiano uleule, karibu 1.14. Mwenzako aketi nyuma kusoma namba, wewe tazama barabara.

Kwa kanuni ya mwenye uzi, uwiano usiobadilika maana yake saa na injini havihesabu sawa. Chini ya uso wa saa yangu pameandikwa 1:7, yaani inategemea kebo izunguke mara moja kila injini ikizunguka mara saba. Nikazungusha krenki nikitazama ncha ya kebo: inazunguka mara moja kwa mizunguko sita na kidogo ya injini. Saa ilikuwa ya pikipiki nyingine, mtu aliichukua kwa sababu skrubu zilikaa. Haina ubovu wowote, imewekwa tu pasipo pake. Ukinunua saa ya mtumba, soma hiyo namba kabla ya kutoa hela.

FundiUmeme_Tanga
Mwalimu, nakuongezea nyingine ya bure. Umeme wa gridi yetu ni hezi 50, na taa ya tyubu ya zamani yenye choki (ile koili nzito ya ndani) inamweka mara 100 kwa sekunde. Usiku, chini ya tyubu hiyo, tia alama moja nyeupe kwenye rota. Injini ikifika 1,500 utaona alama nne zimesimama. Ikifika 3,000 zinakuwa mbili, zikitazamana. Ikifika 6,000 inabaki moja. Hapo soma saa yako inasema nini. Taa nyingi za kisasa hazimweki hivyo, kwa hiyo tafuta tyubu yenye choki hasa. Na tahadhari: alama inaonekana imesimama lakini rota inazunguka. Mikono mbali.

Coventry_Mbongo
Salaam kutoka Uingereza. Huku kuna wazee wanaotunza pikipiki za miaka ya 1950 zenye saa za Smiths aina ya Chronometric. Mshale wake hauendi laini, unapanda kwa hatua, tik, tik, tik. Anayeiona mara ya kwanza anadhani kebo imekatika nyuzi. Ndani yake mna mitambo kama ya saa ya mkononi inayohesabu mizunguko kwa muda mfupi, kisha inasogeza mshale, kisha inahesabu tena. Ndivyo ilivyoundwa. Nawaomba yeyote atakayekutana nayo huko nyumbani asiifungue "kuilainisha".

BodaKimara
Hiyo ya tyubu naijaribu leo. XL_Morogoro, yako ya 700 uliimalizaje?

XL_Morogoro
Mkuu, kioo kilikuwa kimebadilishwa zamani. Aliyebadilisha alichomoa mshale, akaurudisha kwa kuukadiria kwenye sifuri. Kumbe saa nyingi zina kijiti kinachouzuia mshale usishuke zaidi, kwa hiyo ikiwa imezimwa inaonekana sahihi hata kama mshale umekaa vibaya. Usiuweke kwa kufuata sifuri. Uweke saa ikiwa inafanya kazi.

Kwa kuwa yangu ni ya kebo, nilifungua ukingo wa bati kidogokidogo kwa kuzunguka duara lote, maana ukiukunja sehemu moja unapasuka. Nikaufungua mshale, nikaifunga saa kwenye kebo, jamaa akashikilia resi leza ikisoma 3,000, nikaubonyeza mshale taratibu juu ya 3,000. Usikandamize, ekseli yake ni nyembamba sana na kispringi kiko hapohapo chini. Baada ya hapo 1,400 ikasoma 1,400, na 5,000 ikasoma 5,000 na nukta kidogo.

Ukimaliza na tyubu leta namba zako tatu hapa: kwenye alama nne, mbili, na moja kama injini inafika. Tutajua tuanzie wapi.