Krimu ya kasisi? Naombeni msaada kabla menyu haijapigwa chapa

Mchapaji_Makadara
Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nina kaduka ka kuchapa na kufasiri hapa Makadara. Hoteli moja ya Nyali imenipa orodha ya vinywaji niitilie Kiswahili chini ya Kiingereza, kadi 60, na Ijumaa mchana ziwe mezani kwa meneja. Bia na madafu hazikunitoa jasho. Nimekwama kwenye "crème de cassis". Nimeandika "krimu ya kasisi" nikajua nimemaliza, dogo wa dukani akacheka hata akakaa chini, aniuliza ni padre gani huyo anayekamwa.

Nikabadilisha: "krimu ya matunda meusi". Bado moyo hautulii. Halafu ukurasa wa mvinyo una Cabernet Sauvignon iliyoandikwa "notes of cassis", nami nimeweka "umechanganywa na cassis". Neno hili kwa Kiingereza lina maana gani hasa, na hutumikaje? Kina maziwa ama hakina? Wanataka alama kwa wageni wasiotumia maziwa. Mie pombe situmii, kwa hiyo msiniambie nikaonje.

Kaunta_Mtwapa
Kaka, hamna maziwa hata tone. Ni pombe tamu ya blakikaranti, lile tunda tunalolijua kwa soda ya zambarau. Tunda hulowekwa kwenye pombe kali, likachujwa, ikatiwa sukari nyingi. Mwisho wake kilevi huwa asilimia 15 hadi 20 hivi. Hiyo "crème" yasema utamu na uzito tu. Sheria za Ulaya zataka gramu 250 za sukari kwa lita ndipo kinywaji kiitwe crème ya tunda fulani, na kwa cassis peke yake ni gramu 400. Crème de menthe na crème de cacao nazo hazina maziwa.

Zenye maziwa kweli ni kama Baileys, au Amarula ya Afrika Kusini inayotoka kwa tunda la marula. Hizo Kiingereza chake ni "cream liqueur". Hapo ndipo uweke alama yako.

MamaKaimati
Kumbe ni kama tui! Wazungu huliita krimu ya nazi, na mnazi hugemwa, haukamwi. Na hizo gramu 400 ni shira ya kaimati kabisa.

Lakini mie lanikera jingine. Hiyo "krimu ya matunda meusi" ukiiacha hivyo, mtu ataingia na wanawe siku ya Idi, asome, adhani ni aisikrimu, awaagizie watoto. Maziwa umeyashughulikia, pombe umeificha! Neno pombe liandike, tena lisomeke.

Mchapaji_Makadara
Yarabi, hilo halikunipitia akilini kabisa. Shukran mama.

Mwalimu_Mstaafu
Nami sinywi, ila neno ni neno. Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa lilivyo. Hulitamka "krem de kasis", na s ya mwisho husikika. Huandikwa kwa herufi ndogo, kwa kuwa si jina la kampuni. Viwanda vingi hutengeneza, hasa upande wa Dijon, mji wa Ufaransa. Katika mazungumzo hukatwa likabaki "cassis".

Angalia sana herufi. Cassis yenye C kubwa ni mji wa pwani karibu na Marseille, na mvinyo wake, ambao mwingi ni mweupe, hauhusiani na tunda hili. Ukiuona kwenye orodha, usiutafsiri.

Kuhusu "notes of cassis", umekosea kabisa, mwanangu. Mvinyo huo haukuchanganywa na kitu. Mwonjaji anasema ananusa ndani yake harufu kama ya blakikaranti. Andika "unanukia blakikaranti". Wala usishawishike kuandika "zabibu nyeusi". Neno la Kiingereza "currant" lilianza kwa zabibu kavu zilizopewa jina la Korintho, baadaye likahamia kwenye vitunda hivi vya kichaka, ambavyo si zabibu hata kidogo.

Kijana_wa_Tudor
Msimcheke sana mwenzetu, kasisi yumo! Huko Dijon meya wao kuanzia 1945 hadi 1968 alikuwa padre Mkatoliki, Félix Kir. Wageni wa manispaa aliwakaribisha kwa mvinyo mweupe uliotiwa cassis kidogo, mpaka kinywaji chenyewe kikaitwa "kir". Kikitiwa champagne badala ya mvinyo mweupe ni "kir royale". Tazama menyu yako vizuri, huenda kimo.

Mchapaji_Makadara
Kimo! Ukurasa wa tatu. Nilidhani wamekosea kuandika "kiri".

Lugha_Kwanza
Mimi sikubali majina ya kigeni kwenye menyu ya Kiswahili. Tuandike "pombe tamu ya blakikaranti" basi.

Kaunta_Mtwapa
@Lugha_Kwanza mgeni akiniagiza hiyo, nimpe chupa gani? Jina ndilo lililo kwenye chupa. Maelezo yakae chini yake.

Mchapaji_Makadara
Nimefuata ya Kaunta na ya mama. Sasa yasomeka hivi:

*Crème de cassis: pombe tamu ya tunda la blakikaranti. Haina maziwa.*

Meneja amekubali kwa simu. Niko mstari wa chini yake, "triple sec". Nimeandika "kavu mara tatu". Niache?

Kaunta_Mtwapa
Futa. Ni ya machungwa, na ni tamu.