Mjadala: Tukifungua majina yaliyofungiwa, .ke itafufuka?

Bahari_Kuu (mleta mada)

Wadau, hili limenikaa kooni wiki nzima, leo nalitema.

Kwa sensa ya 2019 Kenya ina watu zaidi ya milioni 47. Majina ya tovuti yaliyosajiliwa chini ya .ke, ule mkia wa anwani za mtandao za Kenya, ni kama laki moja hivi. Uholanzi wako karibu milioni 18, na .nl yao ina majina takriban milioni sita. Msiniambie Ulaya ni Ulaya, maana Afrika Kusini hapo chini co.za ilishapita milioni moja zamani. Sisi na maneno yetu ya "Silicon Savannah", eti mbuga ya teknolojia, bado tunatambaa.

Karibu kila msimamizi wa kikoa cha nchi (mkia kama .ke au .nl) ana kapu la majina aliyoyafungia hayauzwi: majina ya miji, herufi moja, herufi mbili, maneno matamu ya biashara kama nyumba, kazi, hoteli. Mengine yana sababu, hakuna anayetaka jina la polisi au la ikulu liangukie mikononi mwa tapeli. Lakini mengi yamelala tu, kama kiwanja cha katikati ya mji kilichozungushiwa mabati na mwenyewe hajengi wala hauzi.

Nasema yafunguliwe. Yapigwe mnada hadharani, pesa ziende kuitangaza .ke na kushusha bei kwa mwananchi. Colombia walifanya. Hadi 2010 .co haikufika hata majina elfu thelathini. Mwaka huo wakaifungulia dunia, majina mafupi yakauzwa kwa bei ya kuruka, Overstock, duka la mtandaoni la Marekani, wakatoa dola 350,000 kwa o.co, Twitter wakachukua t.co, na ndani ya takriban mwaka mmoja wakapita milioni. Sisi tumelogwa na nani?

FundiMitandao

Kaka Bahari, mimi nauza haya majina, ndiyo ugali wangu. Natamani uwe umesema kweli.

Colombia haikufufuliwa na kapu. Ilifufuliwa na herufi mbili zinazofanana na .com na zinazosomeka "kampuni" kwa lugha nusu ya dunia. Hiyo ni bahati ya kuzaliwa nayo. Halafu malizia hadithi ya Overstock: mwaka 2011 wakajibatiza O.co, matangazo kila kona, wateja wakaona, wakaenda kwenye kompyuta wakaandika o.com. Wakarudi kwenye jina lao la zamani. Herufi moja, dola laki tatu na nusu, na bado mteja kaandika anachokijua.

Na sisi tulishafungua mlango mkubwa kuliko kapu lolote. Kabla ya 2017 ulilazimika kupitia co.ke ya makampuni, or.ke ya mashirika na ndugu zake. Mwaka huo ikaruhusiwa .ke tupu, jina lako kisha nukta kisha ke, basi. Yaani kila neno la kila lugha likawa huru kwa siku moja. Bei ikaanza juu kuliko ya co.ke, waliokimbilia wakawa benki na makampuni makubwa kulinda majina yao. Kama kufungua peke yake ndiyo dawa, mgonjwa angeshakuwa anacheza mpira.

Nenda Marikiti hapa Mombasa, au pita Digo Road, usome vibao vya maduka. Jumanne nilisimama kwa fundi anayechora kibao cha muuza mapazia. Jina la duka, namba ya simu yenye alama ya WhatsApp, namba ya till ya kulipia kwa simu, chini kabisa barua pepe ya gmail yenye tarakimu nne mwishoni. Nikamuuliza mwenye duka, mbona huna tovuti? Akaniangalia kama nimemuuliza mbona hana meli. "Wateja wangu wako kwa status," akasema. Huyo hata umpe mapazia.ke bure leo, hatajua alitundike wapi.

NikoHannover

Hamjambo. Nipo Ujerumani mwaka wa kumi na mbili, kuna kisa cha hapa kinahusu kapu hasa.

DENIC, wanaosimamia .de, walikuwa wamefungia herufi moja, herufi mbili, tarakimu tupu, na hata zile herufi za kwenye namba za magari zinazoonyesha gari limetoka wilaya gani. Wolfsburg ni WOB, basi wob.de haiuzwi. Volkswagen wakataka vw.de, wakanyimwa, wakaenda mahakamani Frankfurt wakashinda. Tarehe 23 Oktoba 2009 kapu lote likafunguliwa, aliyewahi kapata, hakuna mnada. Watu walikaa na programu zao tayari kama wanaogombea tiketi za mpira.

Na .de ikawaje? Ilikuwa na majina kama milioni 13 kabla ya siku hiyo, na ikaendelea kukua pole pole ilivyokuwa ikikua. Ile siku ilikuwa habari ya magazeti na ya wachache waliopata. Duka la mkate hapa mtaani kwangu lina .de kwa sababu baba yake mwenye duka alikuwa nayo, na jirani anayo, na fundi bomba anayo. Hakuna aliyeshawishiwa na vw.de.

Mchuuzi_wa_Majina

Najua zamu ya kutusema itafika. Niseme mapema: ninayo majina arobaini na kitu ya .ke na co.ke, nanunua, nauza. Walanguzi mnatuita.

Naungana na mleta mada kufungua, ila sababu yangu siyo yake. Kapu lililofungwa halikai limefungwa kwa kila mtu. Popote penye orodha isiyobandikwa hadharani pana mtu anayejua mtu. Wewe ukiomba jina unaambiwa "limehifadhiwa", baada ya miezi sita unaliona lina tovuti. Hapo nani mlanguzi, mimi niliyelipa kama kila mtu au huyo aliyepita jikoni? Fungueni kama Wajerumani, ila kwa tangazo la miezi mitatu, orodha nzima ionekane, saa tatu asubuhi anayewahi kawahi. Mnada nao unampa mwenye nacho.

Kuhusu .ke kutokua, soko lisilo na wachuuzi halina bei. Ukinunua kitu ambacho huwezi kukiuza kesho, wewe umekodi tu hewa.

Bi_Kisauni

Naomba niingie ingawa mambo yenu ya DENIC siyajui. Nauza madera na mashuka, nina duka Kisauni, na NILIKUWA na tovuti ya co.ke.

Kijana mmoja alinitengenezea, sitamtaja. Nikamlipa kwa M-Pesa, akaniambia mama usijali, kila kitu nimemaliza. Nikachapisha mifuko mia tano yenye jina la tovuti. Mwaka ukaisha, tovuti ikazima. Napiga simu, haipatikani. Nikaenda kwa wengine kuuliza, nikaambiwa jina halijawahi kuwa langu, limeandikwa kwa jina lake yeye na barua pepe yake yeye, hata arifa za kulipia zilikuwa zinakwenda kwake. Ile mifuko mpaka leo natoa, nimechora mstari kwa kalamu juu ya anwani, mmoja mmoja.

Sasa nyie mnagombana nani apewe jina la herufi moja. Mimi jina langu lilikuwa na herufi kumi na sita na sikuweza kulishika.

Halafu utani kidogo, msinipige. Kwenye fomu zetu za Kiswahili jinsia ni ME au KE. Wale Montenegro wenye .me wameifungua 2008 wakaiuza duniani kote kwa kuwa kwa Kiingereza ni "mimi". Sisi tuna KE mkononi, nusu ya wafanyabiashara wa soko ni wanawake, na hakuna aliyewahi kutuambia hii nukta ni yetu.

Bahari_Kuu

Bi Kisauni, pole sana dada. Na hiyo ya KE umeniua, hilo ni tangazo limekwisha kuandikwa.

Mbongo_Tegeta

Wakuu, salamu kutoka Dar, nasi tuna .tz yetu kwa hiyo siwacheki.

Mleta mada anapima uhai kwa idadi, hapo ndipo ninapotofautiana naye. Uingereza tarehe 10 Juni 2014 waliruhusu .uk tupu, lakini wakawatengea wenye co.uk haki ya jina lilelile kwa miaka mitano. Yaani kapu kubwa ajabu, mamilioni ya majina yanamsubiri mwenyewe. Muda ukaisha tarehe 25 Juni 2019, siku chache baadaye yaliyobaki yakaachiwa kwa yeyote. Lakini kabla ya hapo baadhi ya wauzaji walikuwa wameshawasajilia wateja wao .uk bila kuombwa, bure kwa kipindi. Takwimu zikanona hadi kupita milioni 13. Bili ya kuhuisha ilipofika, mtu anajiuliza hili nalo ni la nini, anaacha. Leo wako chini ya milioni 11. Kilichovimba kikanywea.

Mfano mbaya zaidi ni .tk ya Tokelau, visiwa vyenye watu elfu moja na mia tano hivi. Majina yalitolewa bure, yakapita milioni 20, kwenye karatasi wakawa wakubwa kuliko Ujerumani. Ndani yake matapeli watupu. Meta wakawafungulia kesi waendeshaji, 2024 wakatangaza kuacha biashara.

Na kabla hamjaniletea Anguilla: ndiyo, kisiwa cha watu elfu 16 hivi kiliingiza dola milioni 32 kutokana na .ai yao, ambayo kwa Kiingereza ni kifupi cha akili mnemba, mwaka 2023, zaidi ya humusi ya mapato ya serikali. Lakini kilichowafungulia mlango ni ChatGPT ya Novemba 2022. Huwezi kuandika hiyo kwenye mpango mkakati.

Sisi wa .ke na .tz swali letu ni moja: katika majina mia yaliyosajiliwa mwaka huu, mangapi yatalipiwa mwaka ujao? Jina la kapuni likiuzwa milioni, linahesabiwa moja.

Bahari_Kuu

Haya, Mbongo, la idadi nakubali, nilikimbilia milioni kama mtoto anayehesabu nazi mtini. Na .uk sikuijua kwa undani huo.

Lakini mnanijibu kama nimesema kapu linatosha. Nimesema pesa. Kutangaza kunataka pesa, na bei ikishuka mapato yanashuka kwanza kabla ya kupanda, nani atabeba hiyo miaka miwili ya katikati? Hapo ndipo mnada unaingia. Tena mnisikilize kuhusu Colombia, maana Fundi aliishia kwenye Overstock. Miaka kumi ya kwanza serikali yao ilikuwa inapata takriban asilimia 7 tu ya mapato ya .co. Walipofanya mkataba upya 2020 wakapata asilimia 81. Kosa lao la mwanzo halikuwa kufungua, lilikuwa kuuza mnazi na kubaki wanahesabu makuti.

Na nitaongeza sharti ambalo sikulisema: jina lisiuzwe moja kwa moja, likodishwe kwa aliye na biashara, na ndani ya mwaka kama halina kitu ndani, lirudi. Mchuuzi hapo utaninunia.

Mchuuzi_wa_Majina

Sinuni, nacheka. Fundi, mwambie.

FundiMitandao

"Lina kitu ndani" atakagua nani? Nitakutengenezea kitu ndani kwa dakika kumi: picha ya simba, jua linazama, maandishi "Tunakuja hivi karibuni". Nimeshatengeneza nyingi, mojawapo inakuja hivi karibuni tangu 2018.

Hiyo hoja ya pesa ya katikati ndiyo pekee iliyonigusa. Ila mnada ni wa mara moja, kapu likiisha limeisha, na mzigo wa kutangaza ni wa kila mwaka. Kama pesa ya mnada ingewekwa kwenye jambo moja tu ningelipigia kura: kila anayesajili apate ujumbe mfupi kwenye simu yake yeye, si ya fundi, wa kumwambia jina hili ni lako na linaisha tarehe fulani. Hilo tu. Sehemu kubwa ya wanaopotea kwangu hawakukataa kulipa, hawakujua.

Bi_Kisauni

Sasa Fundi, nikilitaka lile jina langu la zamani, nianzie wapi? Nimekutumia kwa ujumbe wa pembeni.

FundiMitandao

Nimelitafuta sasa hivi, dada. Haliko huru kusajiliwa. Lilipoisha mtu mwingine akalisajili, ukilifungua kuna ukurasa mweupe, umeandikwa "jina hili linauzwa".

Bi_Kisauni

Mchuuzi, ni wewe?

Mchuuzi_wa_Majina

Wallahi si mimi. Nimeiona namba iliyoandikwa pale chini, namjua. Anataka elfu arobaini, lakini ukiongea naye vizuri anashuka.