Naomba ushauri: nataka kuchora nyumba za zamani za Majengo, Pumwani

Wadau, hamjambo? Nyanya alinilea Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, mtaa waliotengewa Waafrika miaka ya 1920. Nyumba zile ni za Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na choo. Penye plasta iliyobanduka unaona fito zilivyofungwa, udongo umekaa kama jiwe. Sasa ghorofa zinazimeza moja moja, na roho inaniuma. Nataka kuzipima na kuzichora zilizobaki.

Nianzie kwa chifu, kwa wazee wa mtaa au Makumbusho ya Taifa? Na nibishe hodi vipi, wapangaji wasidhani nimetumwa na anayekitaka kiwanja?