Rangi za ndani kwa nyumba mpya ya Wete: tuanze na ukuta au na vilivyomo?

Mwenye Nyumba, Wete

Assalaam alaykum. Tumemaliza juma lililopita kupiga plasta nyumba yetu ya matofali ya saruji, na sasa tumekwama kwenye rangi. Nyumba ina ukumbi, vyumba vitatu vilivyo upande wa nyuma, na baraza ya mbele inayoelekea magharibi. Ukumbini kuna vigae vya rangi ya maziwa, milango ya mvule na makochi ya msaji aliyotuachia marehemu baba, ambayo hatukusudii kuyaondoa. Nyuma, mikarafuu na migomba imesongamana hadi karibu na madirisha.

Mke wangu amependezwa na kijivu alichokiona katika picha za nyumba za Ulaya. Mama anashikilia kwamba ukumbi wa heshima ni mweupe. Mimi nilinunua kopo dogo la samawati nikajaribu kwenye ukuta wa ukumbi: asubuhi ilipendeza, lakini ilipofika magharibi ilionekana kama nguo iliyochujuka. Naomba ushauri wa namna ya kuamua, si majina ya rangi tu, kwa sababu uwezo wetu ni wa kununua mara moja.

Fundi wa Rangi, Ng'ambo

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Samawati yako haina kosa. Jua linapokaribia kuzama mwanga wake huwa wa manjano yenye wekundu, nao ukiangukia buluu nyepesi huiondolea ubuluu wake ikabaki na sura ya kijivu. Ukumbi unaopokea mwanga wa magharibi hupatana zaidi na rangi zenye joto, kama vile maziwa, mchanga au udongo mwepesi, kwa kuwa jua la jioni huzikoleza badala ya kuzififisha.

Kuhusu kijivu, naomba shemeji anisikilize kwa makini. Kijivu hakina rangi yake ya kujitetea, bali huchukua ya jirani. Katika vyumba vya nyuma mwanga hupita kwanza kwenye majani ya migomba, kwa hiyo huingia ukiwa na ukijani, na kijivu kile kilichotulia katika picha kitageuka ukutani kikawa na sura ya ukungu wa bafuni. Akikipenda kweli, atafute kijivu kilichochanganywa na kahawia kidogo.

Usijaribu rangi juu ya plasta tupu, maana kijivu cha saruji kinachoizunguka hulidanganya jicho. Chukua ubao mwembamba au karatasi ngumu yenye upana wa kutosha, uipake nyeupe kwanza, kisha upige mikono miwili ya rangi unayoitaka na usubiri ikauke kabisa, kwa sababu rangi ya maji hukoza inapokauka. Uhamishe ubao huo kutoka ukuta hadi ukuta, uutazame asubuhi, adhuhuri, alasiri, na usiku chini ya taa mtakayotumia. Taa nyeupe na taa ya manjano hutoa rangi mbili tofauti katika kopo lile lile.

Tena plasta ya juma moja bado ni mbichi. Iache kwa wiki 4 angalau, na zaidi ya hapo ikiwa masika yamekwisha kuanza, kwani unyevu na ukali wa saruji hula rangi, na baadhi ya buluu huathirika mapema kuliko nyingine.

Bi wa Mkunazini

Kaka yangu, mama ana hoja, nami ningependa aelezwe kwamba ana hoja. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zilipauliwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ambao mara nyingi haukuzidi mita 3. Katika chumba chembamba chenye kuta nene, chokaa nyeupe ndiyo iliyosambaza mwanga. Lakini weupe wa chokaa ni mpole, hauchomi macho kama weupe mkali wa rangi ya kopo. Mpatie mama nyeupe iliyotiwa umaziwa kidogo, ikae pamoja na vigae vyako bila kuvifanya vionekane vichafu.

Kwa kuchanganya, mimi hutumia kanga. Aliyeichora amekwisha kupima: mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, una rangi iliyotawala, pindo lina ya pili, na maua yana ile kidogo inayochangamsha. Wapambaji husema 60, 30 na 10 kwa mia, na kanga nzuri hukaribia hapo bila hesabu. Mama na mkeo wachague moja kwa pamoja, muitandike juu ya kochi la baba, na ikipatana na msaji basi mji uwe ukuta, pindo liwe mapazia, na rangi ya tatu iwe ya mito na ukili wa mkeka.

Anayesoma haya akiwa na nyumba ya mawe asiige rangi hizi za kopo. Kwetu fundi mmoja alipaka rangi ya mafuta juu ya chokaa ya zamani, na masika yalipokwisha ukuta ulikuwa umevimba malengelenge. Tulikwangua vyumba viwili na kurudia chokaa.

Mzee wa Chake

Mwanangu, baraza ya magharibi usiipake nyeupe tupu, maana alasiri wageni watakaa wamefumba macho. Sehemu ya chini, kadiri ya migongo ya waketio, piga rangi ya mafuta iliyokoza, ambayo hufutika kwa kitambaa.

Mwenye Nyumba, Wete

Nawashukuru nyote. Jana usiku mama na mke wangu walifungua kasha, wakakubaliana juu ya kanga yenye mji wa maziwa, pindo la rangi ya tofali la kuchoma na maua ya kijani kilichoiva. Juu ya msaji imekaa vizuri mno. Mbao tatu nimezipaka nyeupe leo asubuhi. Moja itakwenda chumba cha nyuma, ikiwa na kijivu cha kahawia, nayo itakaa humo mpaka plasta ikauke.