Fisi mwingine kagongwa Southern Bypass, na bado mtaniambia barabara ilipangwa?

Wanakijiji, kama ulipita Southern Bypass, hiyo barabara ya kuzunguka kusini mwa Nairobi, leo asubuhi ulimwona. Fisi, kalala kando ya lami, matumbo nje, na madereva wanapunguza mwendo ili wapige picha. Sasa hivi picha zimezagaa kila mahali na watu wanauliza, eti fisi alitoka wapi?

Alikuwa kwao! Hiyo barabara imepasua Msitu wa Ngong kisha ikaambaa na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mlitarajia fisi avukie wapi, kwenye daraja la wapita njia?

Kinachonikera hasa ni jinsi wanyama wanavyokumbukwa mwisho. Niliwahi kwenda kikao cha maoni ya umma kuhusu barabara nyingine, sitaitaja. Tulikuta ramani zimeshachapishwa kwa rangi na mstari umeshachorwa. Nikauliza wanyama watapita wapi. Jamaa wa mradi akajibu kwamba hilo litaangaliwa "wakati wa utekelezaji". Tukapewa soda na mandazi, tukatia sahihi daftari la mahudhurio, basi. Naapa zile sahihi zilihesabiwa kama kibali.

Na sheria ipo. Sheria ya mazingira ya 1999, baada ya marekebisho ya 2015, inataka hata sera na mipango yenyewe itathminiwe mapema, kabla mkandarasi hajaleta tingatinga. Lakini kumbukeni reli mpya ya kisasa, SGR, ya kwenda Naivasha kupitia Mbuga ya Nairobi. Mwaka 2016 jopo la kesi za mazingira liliamuru kazi isimame. 2018 mitambo ikaingia mbugani kesi ikiendelea. Leo kuna daraja la reli la kilomita 6 juu ya mbuga ya kilomita za mraba 117, na tunaambiwa tushukuru kwa sababu twiga anapita chini. Kwa maoni yangu mbuga ilichaguliwa kwa sababu twiga hadai fidia.

Msiniambie haiwezekani kitaalamu. Kule Mlima Kenya kuna njia ya tembo chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, na imekuwa ikitumika tangu mwanzoni mwa 2011. Tembo wanatoka mlimani hadi hifadhi ya Lewa bila kukanyaga lami. Siri yake ni uzio wa pande zote mbili unaowaelekeza mpaka mlangoni. Shimo tupu chini ya barabara, bila uzio, mnyama hana haja nalo, atavukia pale alipozoea.

Tsavo nako ni vichekesho. SGR ya Mombasa iliachiwa mapito makubwa ya tembo chini ya reli, sawa, hongereni. Ila barabara kuu ya Mombasa inakwenda sambamba na reli hiyo hiyo. Tembo akishapita chini ya treni anakutana na matrela! Waliochora reli na wanaosimamia barabara hawakuweza kukaa meza moja hata siku moja?

Halafu kuna ule mugumo, mtini mkubwa wa kale, kando ya barabara ya Waiyaki Way, Nairobi. Novemba 2020 ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele, rais akatoa amri, mti ukabaki na barabara ikajengwa. Kumbe michoro hubadilika! Inahitaji mkubwa aone haya tu.

Sasa tazameni kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Huo ndio upande pekee wa mbuga ambao haujazungushiwa ua. Mvua zikinyesha nyumbu na pundamilia hutoka kwenda malishoni nyanda za Athi-Kapiti, kiangazi wanarudi kufuata maji. Siku hizi njiani wanakuta ploti, seng'enge, na barabara ya Namanga iliyojaa malori. Kila barabara mpya ya kuingia mtaani Kitengela, mji ulio kusini mwa mbuga, inaleta ploti nyingine, na hakuna mhandisi atakayekiri kwamba hizo ploti nazo ni kazi ya mchoro wake.

Matuta na taa za kuwaka usiku kucha msiniletee, taa zenyewe zinawafukuza wanyama. Nataka njia za wanyama ziwe kwenye ramani ya kwanza kabisa, kabla ya bei ya zabuni.

Mwenye nakala ya ripoti ya tathmini ya mradi wowote wa barabara upande wa Kitengela, Isinya au Rongai aiweke hapa. Tuanzie ukurasa wa wanyamapori, kama upo.