Kuinua nyuma ya pikipiki ukiwa peke yako: stendi ya kati, stendi ya nyuma au kigongo?

Himbi_125

Wayaya (ndugu zangu), salamu. Nina pikipiki mbili kwenye parseli (kiwanja cha nyumbani): Boxer yenye stendi ya kati kama Boxer zote za mjini, na Yamaha DT 125 ya zamani ambayo ina stendi ya pembeni tu. Vumbi la volkano hapa Goma linakula cheni kama msasa, kwa hiyo nataka gurudumu la nyuma lizunguke hewani kila ninaposafisha na kupaka mafuta. Mara nyingi niko peke yangu.

Kwenye video naona watu wanatumia stendi ya nyuma, ile ya mabomba yaliyokunjwa, vigurudumu viwili chini na mpini mrefu. Inakamata chini ya mkono wa gurudumu (chuma cha fremu kinachoshika gurudumu la nyuma), unabonyeza mpini, pikipiki inapanda. Mchomeleaji mmoja wa Birere anasema atanitengenezea. Kabla sijatoa pesa: nani anaitumia kweli, bila msaidizi? Au nibaki na stendi ya kati kwa Boxer, halafu DT niitafutie njia nyingine? Parseli yangu nusu ni sima (saruji), nusu ni makoro (mawe ya lava).

Motari_Ndosho

Yaya, fika parkingi yoyote ya wamotari useme "nishikieni", watakuja wanne. Ukiwapa ya fanta watakupakia na mafuta.

Himbi_125

Saa kumi na moja asubuhi, geti limefungwa, nataka kwenda Sake. Hao wanne nitawatoa wapi?

Fundi_Katindo

Tuanze na Boxer, maana hapo watu wanajitesa bure. Stendi ya kati haitaki nguvu za mikono. Kila siku naona kijana anakamata keria kwa mikono miwili, anainama, anavuta juu mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mgongo unaumia na pikipiki haijapanda.

Simama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria au kwenye chuma cha chini ya kiti. Gia iwe huru, breki uiachie. Simamisha pikipiki wima, kisha shusha stendi kwa mguu wa kulia mpaka miguu yake yote miwili iguse chini. Hapo usiharakishe. Mguu mmoja ukigusa na mwingine ukabaki hewani, pikipiki itakwenda upande mara tu utakapokanyaga. Itikise kidogo kushoto na kulia, utaisikia miguu ikigonga, ko, ko. Ikishatulia, simama juu ya kikanyagio cha stendi kwa uzito wako wote, goti limenyooka. Mkono wa kulia unaongoza tu, nyuma na juu. Pikipiki inarudi nyuma kidogo huku inapanda, ndiyo maana nimesema uachie breki.

Ikiwa bado ni nzito, tafuta kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 2 au 3. Pandisha gurudumu la nyuma juu yake kwanza, ndipo ushushe stendi. Ubao umeshafanya sehemu ya kazi ya kuinua.

Na kagua bolti za stendi. Zikilegea, au mguu mmoja ukipinda, hata ufanye nini miguu haitagusa pamoja. Ukiweka tairi nene kuliko la kiwandani, usishangae stendi imesimama na gurudumu bado linagusa chini.

Mama_Kyeshero

Ya ubao ni kweli kabisa. Mwili wangu mdogo, lakini TVS yangu naipandisha mwenyewe kila asubuhi, kitenge kiunoni, na jirani ananiangalia tu. Kipande changu nilikiomba kwa wale wanaochonga chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo), ni mti wa mikaratusi, mgumu. Nilimwambia akate upande mmoja mshazari, basi gurudumu linapanda bila kusukuma sana.

Lave_na_Lami

Himbi, stendi ya nyuma ninayo, ya dukani, imenifikia kutoka Kampala. Nakuambia mazuri na mabaya yake.

Kwenye sima ni raha. Inakamata pande zote mbili za mkono wa gurudumu, pikipiki inasimama wima bila kuyumba, unazungusha gurudumu, unakagua cheni yote, unapima kama gurudumu limenyooka, hata kulitoa unaweza. Kwa pikipiki kubwa zisizo na stendi ya kati sioni kinachoishinda.

Kuipandisha peke yako ni kazi ya mpangilio. Pikipiki iko kwenye stendi yake ya pembeni, imelala kushoto, sasa utaikamata vipi pande zote mbili? Dawa yake: weka kibao chini ya mguu wa stendi ya pembeni, unene wa vidole viwili, ili isilale sana. Usizidishe, maana ikisimama wima kabisa itaanguka kulia, na kulia hakuna mtu. Funga breki ya mbele kwa raba iliyokatwa kwenye chubu (mpira wa ndani) ya tairi. Simama nyuma, kushoto. Mkono wa kushoto kwenye keria, wa kulia kwenye mpini wa stendi. Ingiza upande wa kushoto wa stendi kwanza, uguse vizuri, kisha vuta keria taratibu mpaka pikipiki isimame wima na upande wa kulia nao uguse. Chungulia. Usiamini mkono, tumia macho. Pande zote zikiwa zimekaa, bonyeza mpini kwa uzito wa mwili. Keria usiiachie mpaka mpini ufike chini.

Stendi ya pembeni iache imefunguliwa muda wote. Nimeona watu wanaikunja ili iwapishe, halafu wakati wa kushusha pikipiki wanaikumbuka mikono yote miwili ikiwa kazini.

Motari_Ndosho

Sasa tumsikie nani? Fundi anasema breki iachiwe, wewe unasema breki ifungwe.

Fundi_Katindo

Swali zuri, na wote tuko sawa. Stendi ya kati imefungwa kwenye fremu, miguu yake haitembei ardhini. Inapozunguka lazima pikipiki irudi nyuma. Ukifunga breki ya mbele umeizuia.

Stendi ya nyuma ina vigurudumu. Unapobonyeza mpini, mikono yake inazunguka juu ya vigurudumu hivyo kuelekea nyuma. Hapo kuna mambo mawili tu: ama pikipiki irudi nyuma, ama vigurudumu vya stendi viende mbele. Kwenye sima vigurudumu vinateleza vyenyewe, kwa hiyo funga breki na pikipiki itulie mahali pake. Kwenye makoro vigurudumu vinazama kati ya mawe. Umefunga breki mbele, vigurudumu vimekwama nyuma, unabonyeza, hakuna kinachotembea. Ukizidisha nguvu stendi inachomoka upande mmoja.

Kwa hiyo, Himbi, swali la kwanza si stendi gani. Ni utaifanyia wapi hiyo kazi.

Himbi_125

Sima yangu ni veranda tu, mita mbili kwa tatu hivi. Boxer inaingia. Je, stendi ya kuchomelea itakamata kwenye Boxer na DT zote mbili?

Lave_na_Lami

Hapo ndipo pesa inapopotea. Pikipiki za mbio zina matundu yenye nyuzi kwenye mkono wa gurudumu, ya M6, M8 au M10 kulingana na kampuni. Unafunga humo vibonye viwili na stendi inavikamata kwa ndoano. Boxer na TVS hazina matundu hayo. Utahitaji stendi yenye vikalio vya bapa vyenye raba, vinavyokaa chini ya bomba la mkono wa gurudumu, na vikalio hivyo vinateleza ukivikalisha vibaya. Usimruhusu mtu akutobolee tundu kwenye mkono wa gurudumu ili aweke vibonye. Lile bomba linabeba gurudumu, abiria na magunia.

DT ni ndefu zaidi kwenda juu. Stendi iliyopimwa kwa Boxer huenda isiinyanyue DT vya kutosha.

Mzee_wa_Majengo

Vijana, mnamzungusha. Kwa DT jibu ni kigongo, na hakuna haja ya kwenda Birere.

Chukua mti mgumu wenye unene wa kifundo cha mkono. Pima kutoka ardhini hadi chini ya mkono wa gurudumu upande wa kulia, karibu na ekseli, pikipiki ikiwa wima. Kata uzidishe sentimita 4 hivi. Kichwa cha mti ukichonge kiwe na pango dogo, kisha ukizungushie raba ili kisiteleze wala kukwaruza.

Sasa pikipiki iko kwenye stendi yake ya pembeni, imelala kushoto. Chini ya mguu wa stendi weka kibao bapa, hasa kama ni udongo au changarawe, maana uzito mkubwa unakuja hapo. Breki ya mbele ifunge kwa raba, ikaze kweli. Gia haikusaidii hapa: gurudumu la nyuma likiwa hewani halishiki kitu, na pikipiki ikienda mbele kidogo tu stendi ya pembeni inajikunja.

Wewe unasimama kulia. Kwa mkono wa kushoto sukuma kiti taratibu, iegemee zaidi kwenye stendi yake. Utaona gurudumu la nyuma linaachana na ardhi. Mkono wa kulia unatia kigongo chini ya mkono wa gurudumu, nyuma ya bomba la moshi, usiliguse. Rudisha pikipiki polepole mpaka ikae juu ya kigongo. Sasa imesimama kwa vitu vitatu: gurudumu la mbele, stendi ya pembeni, kigongo. Haina pa kwenda.

Unasukuma mpaka kigongo kiingie, basi. Ukisukuma kama unamfukuza mtu, itaanguka ng'ambo.

Mama_Kyeshero

Papa, hiyo njia inafanya kazi kwa AG 100 pia? Kazini tunazo, zina stendi za pembeni mbili, kushoto na kulia.

Mzee_wa_Majengo

Inafanya, mwanangu, na una bahati ya kuchagua upande. Mahali pakiteremkia kushoto, tumia stendi ya kulia na kigongo ukitie kushoto. Ila upande wa kushoto kuna cheni, angalia kigongo kisiiguse.

Bwana_Kriki

Mimi natumia kriki (jeki) ya gari chini ya injini na sijaona shida.

Fundi_Katindo

Utaiona. DT ina mabomba ya fremu yanayopita chini ya injini, ukiweka ubao kati ya kriki na fremu nakubali. Lakini chini ya injini yenyewe, hapana. Kriki inasukuma aluminiamu, na aluminiamu haipindi, inapasuka. Pia kriki inashika katikati tu, pikipiki inabembea kushoto na kulia ukianza kuvuta spana. Kreti ya bia sitaijibu, najua kuna mtu alikuwa anataka kuiandika.

Motari_Ndosho

😂 Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Lakini niulize la maana. Nikiwa Mushaki huko juu na tairi limetoboka, kigongo kitavumilia nikifungua nati ya ekseli?

Mzee_wa_Majengo

Nati unailegeza pikipiki ikiwa chini, magurudumu yote mawili ardhini, kabla ya kuinua chochote. Zile nati zimekazwa kwa spana ndefu, ukizivuta pikipiki ikiwa hewani unaiangusha. Juu ya kigongo unamalizia kwa vidole. Kurudisha ni vilevile: unabana kidogo juu, unashusha, unakaza chini. Hata kwenye stendi ya nyuma ya huyu wa Kampala fanya hivyohivyo.

Lave_na_Lami

Nakubali. Na kwa vile Himbi alianza na cheni: zungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Kuna watu wanatia gia ya kwanza, injini inanguruma, wao wanafuta cheni kwa kitambaa. Kitambaa kikishikwa na spoketi kinaingia na vidole. Halafu ukimaliza kukaza cheni gurudumu likiwa hewani, shusha, mtu akae juu, uipime tena. Mtu akikaa cheni inakaza zaidi. Pikipiki nyingi ndogo zinataka mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako.

Himbi_125

Asanteni sana. Basi mchomeleaji simpi pesa kwa sasa. Boxer itapanda stendi ya kati pale veranda na ubao wa chukudu, DT nitaichongea kigongo. Papa, swali la mwisho: nikisafiri na DT hicho kigongo nakibeba wapi?

Mzee_wa_Majengo

Kifunge kwa ile raba ya breki, ubavuni mwa keria, upande usio na bomba la moshi. Hivyo hutasahau kimoja wapo nyumbani. Na kibao cha chini ya stendi kitoboe tundu, upitishe kamba, ukining'inize pamoja nacho. Kamba hiyo iwe ndefu kidogo: ukimaliza kazi unakivuta kutoka chini ya stendi ukiwa umeshakaa juu, bila kushuka tena.