Naomba ushauri: gari la umeme la kwenda kazini Lubumbashi, ninunue sasa au nisubiri betri ya sodiamu?

MwanaKatuba: Ndugu zangu, ninaishi Katuba na ninafanya kazi upande wa Golf, kwenda, kurudi na kuwafikisha watoto shuleni hakuzidi kilomita 30 kwa siku. Nimeonyeshwa Nissan Leaf ya zamani, ya betri ya kilowati-saa 24, kwa bei ninayoiweza, lakini mwenzangu kazini ananisihi nisubiri magari ya sodiamu. Umeme mtaani kwetu hukatwa mara nyingi. Nifanyeje?

Fundi_Kampemba: Ndugu, kabla ya kuzungumza bei, washa gari uhesabu vijiti vidogo vilivyo pembeni ya kipimo cha chaji. Betri mpya huonyesha 12; vikipungua, betri imechoka. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, kwa hiyo joto huila polepole, na hakuna rangi mpya wala viti vilivyosafishwa vinavyoweza kuficha hilo. Kisha liendeshe kilomita 20 ukiwa na watu wanne ndani, uone asilimia ngapi zimeondoka.

MamaRuashi: Sodiamu si hadithi tu: JAC ya China ilianza kuwakabidhi wateja magari ya aina hiyo Januari 2024, yenye betri ya kilowati-saa 25 hivi. Lakini kwa uzito uleule betri hiyo hubeba umeme mchache kuliko ya lithiamu, na sifa yake kubwa ni kuvumilia baridi kali, ambayo sisi hatunayo hata asubuhi za Julai. Magari madogo kama BYD Seagull hutumia betri ya lithiamu, chuma na fosfati, bila kobalti. Usisubiri sodiamu, tafuta betri ya fosfati iliyotumika miaka michache.

Fundi_Kampemba: Naunga mkono. Kuhusu umeme, kilomita 30 hula kilowati-saa nne au tano, na prizi ya kawaida ya ampea 10 huzirudisha kwa saa mbili hivi, kwa hiyo usiku mmoja bila umeme hautakulaza njiani. Ninachokiogopa ni nyaya za nyumba. Mteja wangu mmoja alichajia kwenye rallonge (waya wa kurefushia umeme) ya pasi. Asubuhi tulikuta prizi imekuwa ya kahawia na plastiki imelainika kama nta. Vuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye kaunta (mita ya umeme), pamoja na waya wa ardhini.

MwanaKatuba: Asanteni sana. Jumamosi nilikwenda na tochi, nikahesabu vijiti mara mbili: vilikuwa vinane. Muuzaji alisema ni kasoro ya kioo tu. Nilimrudishia ufunguo, na kesho fundi wa umeme anakuja kwanza kuangalia kaunta yangu.